Mwiko Uliotungwa Botini

Ampasimavo, 9 Julai 2006

Ndugu yangu Velonandro,

Sisi wazima. Jogoo wako mwekundu tumemla, usiulize siku gani wala kwa sababu gani, alikuwa mzee na mkorofi.

Nakuandikia kwa sababu meli yenu imepita. Jumatatu asubuhi ilitia nanga mbele ya nyumba yangu kabisa, ikashusha boti za mpira sita zenye wazungu waliovaa majaketi mekundu. Sisi tulikuwa tayari tangu alfajiri. Wanawake kumi na mmoja, mikeka ya rafia imetandikwa, kofia zimepangwa, madafu yamekatwa vichwa. Neny Vavy alioga na kuchana nywele, nawe unajua jambo hilo hutokea mara ngapi kwa mwaka. Boti zikatupita. Zikaenda ule ufuo mtupu wa kaskazini, ambako hakuna mtu wala kivuli, zikakaa huko saa mbili, zikarudi melini. Meli ikaondoka. Madafu tuliyanywa wenyewe.

Mwaka jana ulituambia meli inatafuta mahali pa kushushia wageni wanaotaka kuona nyangumi na komba wa msituni, na kwamba hakuna ufuo bora kuliko wetu. Kwa maneno yako hayo nikajenga kibanda mbele ya nyumba yangu. Sasa wanawake wananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyeifukuza meli.

Mwezi uliopita nilikuona. Ulikuja na boti moja, wewe na yule mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, mkauzunguka ufuo polepole bila kushuka. Nilikuita mpaka koo likakauka. Hukugeuka, nadhani kwa kelele ya injini.

Basi niambie kosa letu ni nini, tulirekebishe kabla nyangumi hawajaondoka.

Dada yako,
Zafisoa


Nosy Be, 30 Julai 2006

Dada yangu Zafisoa,

Barua yako ilikaa siku nane kwa wakala wa meli kabla ya kunifikia. Poleni kwa kungoja.

Boti zishuke wapi si uamuzi wangu. Mwenye kuamua ni kiongozi wa msafara, Ingunn, huyo mrefu uliyemwona, mtu wa Norwei. Yeye hupima upepo, kina na mawimbi. Wageni wetu wengi wamevuka miaka sabini, na mmoja ana nyonga ya chuma. Mtu wa namna hiyo akianguka kwenye mawimbi, kesi yake haiishi. Nadhani ufuo wetu siku ile ulikuwa na mawimbi.

Kazi inaendelea. Kila jioni nasimama mbele ya wageni tisini na kuwaeleza habari za nchi yetu kwa nusu saa, nao huniuliza kama komba wanauma. Mwanzoni nilichekwa. Nyangumi wa kwanza alipotokea, nilipaza sauti kwenye kipaza: "Kaskazini, tazameni kaskazini." Nilisema kama tunavyosema nyumbani tukimwambia mtu asogeze sahani yake kusini. Watu tisini wakageuka huku na huku. Hakuna hata mmoja aliyejua kaskazini iko wapi. Nyangumi akazama. Ingunn akanifundisha kutaja namba za uso wa saa: mbele ya meli ni kumi na mbili, kulia ni tatu. Sasa nimezoea. Ninaporudi chumbani hujikuta sijui nimelala kichwa upande gani.

Wasalimie wanawake wa mikeka. Waambie mwaka ni mrefu.

Mdogo wako,
Velonandro


Ampasimavo, 27 Agosti 2006

Velonandro,

Ufuo wetu una mawimbi? Huu ambao mama alikuwa akitufulia nguo bila kukunja kanga yake? Sawa.

Ngoja nikusimulie. Mwalimu Jaofeno alikwenda Maroantsetra kuchukua chaki, akanunua karanga, na karanga zikafungwa kwenye karatasi nzuri ya rangi. Ni karatasi ya meli yenu, ile wanayogawiwa wageni. Mwalimu akala karanga, akasoma karatasi, akaja mbio kwangu. Imeandikwa Kifaransa naye akaitafsiri mbele ya watu: "Ufuo wa Ampasimavo ni mwiko. Wenyeji wenyewe hawaukanyagi, kwa kuwa ndipo zinapopumzika roho za wafalme wa kale. Tafadhali utazame kwa mbali, wala usiunyooshee kidole."

Siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Wafalme gani? Babu zetu walikuwa wakulima wa mpunga, na wale ambao hawakulima walikuwa wezi wa ng'ombe. Kaleta alijifunga shuka mabegani akatembea ufuoni akisema yeye ndiye mfalme, na sote tumbusu kisigino.

Siku ya tatu mtumbwi wa Kaleta ulipinduka palepale ufuoni, kwenye maji ya magotini, ukamvunja mguu. Hapo vicheko vikakoma. Mzee Botovao, mwenye fimbo nyekundu ya ukoo, alisema, "Lisemwalo lipo. Wageni wamesoma vitabu vingi. Huenda wazee wetu walikuwa na mwiko hapa na sisi tumeusahau, na mwiko uliosahauliwa ndio mbaya zaidi." Tangu siku hiyo mitumbwi yote imehamishiwa mtoni. Wanawake wamechukua mikeka yao. Watu wanaokuja kwangu siku hizi huniitia juu mlimani, nami napanda kuwafuata.

Nyumba yangu, unajua, imesimama juu ya mchanga. Baba aliijenga hapo na mimi nimezalia humo watoto wawili. Wazee watakaa kikao tarehe ishirini na moja Oktoba waamue kama ibomolewe.

Mwalimu anasema karatasi kama hizo huandikwa kwa kumuuliza mwenyeji. Katika meli hiyo Mmalagasi ni wewe peke yako. Nani aliwaambia?

Zafisoa


Melini, 14 Septemba 2006

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Sikujua kwamba karatasi ile itafika huko.

Ni mimi. Nilimwambia Ingunn kwamba ufuo ni mwiko. Sikutaja wafalme, hao wameongezwa na mwandishi wa ofisini kwao. Sababu yangu ilikuwa kasa. Wageni tisini wakikanyaga mchanga ule, mayai ya kasa yanakwisha. Ukimwambia mgeni, "Tafadhali usipite hapa," atapita akipiga picha. Ukimwambia ni mwiko, anatulia na kuvua kofia. Waongozaji wenzangu wa nchi nyingine hufanya vivyo hivyo. Ni uzio usiohitaji miti.

Nakuomba jambo moja. Mwezi Novemba Ingunn anachagua waongozaji watatu wa kwenda naye kwenye barafu ya kusini, msimu mzima. Hakuna Mmalagasi aliyewahi kuchaguliwa katika meli hii. Nikisema sasa kwamba nilidanganya, na karatasi zimeshachapwa, atanishusha bandari ya kwanza. Nyamaza mpaka Novemba. Baada ya hapo nitawaandikia wazee mwenyewe. Kikao kinaweza kuahirishwa. Mzee Botovao ameahirisha hata harusi yake.

Velonandro


Ampasimavo, 1 Oktoba 2006

Velonandro,

Mara ya mwisho kasa kutaga hapa baba alikuwa hai, na wewe ndiye uliyeyala mayai yale ukaharisha siku mbili. Nilikuosha mimi.

Kikao hakiahirishwi. Kaleta anatembea kwa gongo na kila hatua yake ni ushahidi. Zimebaki siku ishirini nijue kama nina nyumba au sina.

Umenidanganya kwa mawimbi, umenidanganya kwa kasa. Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya. Nitatumiaje akili yangu kama siujui?

Zafisoa


Maroantsetra, 10 Oktoba 2006

Dada Zafisoa,

Meli iko hapa kwa siku moja kuchukua maji na matunda. Kutoka hapa kwenu ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, na boti ya Nahodha Tsimiavo, atakayekuletea barua hii, inatoka mchana huu. Ningeweza kupanda. Sipandi. Nakuandikia ili nisije.

Siku ile ya Juni, uliponiita, injini ilikuwa imezimwa. Nilikusikia.

Ulikuwa umesimama kwenye maji, umepasua papa, damu mpaka viwikoni, nguo imefungwa kwenye mapaja. Ukainua kisu ukaniita, "Tainomby! We Tainomby!" Ingunn anajua maneno ishirini ya lugha yetu, na kwa bahati mbaya hayo mawili katika moja anayajua, kwa kuwa anapenda kuuliza majina ya mavi ya kila mnyama ili awaeleze wageni. Akacheka kidogo. Akauliza, "Yule mama anamwita nani mavi ya ng'ombe?"

Ningeweza kumweleza. Kwamba mama alizika watoto watatu kabla yangu, na wazee wakampa wa nne jina la kinyaa ili pepo wenye wivu wasimtake. Kwamba jina hilo ndilo lililoniweka hai. Jambo hilo nimewaeleza wageni mara nyingi, nikizungumzia watoto wa watu wengine. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa shati jeupe lenye jina langu kifuani, na kwenye karatasi ya meli nimeandikwa "Andro, msomi wa viumbe." Nikasema simjui. Nikasema ni mwanamke wa hapo.

Akauliza kama tushuke, tumsalimie. Nikaona utakavyokuja na kisu chako, unikumbatie na damu ya papa, uniite jina hilo mbele yake, na baadaye, wageni wakianza kuja, mbele ya watu tisini kila wiki mbili. Neno likanitoka: "Hapana, ufuo huu ni mwiko." Akauandika kwenye daftari lake. Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nimeona aibu kwa ajili yako, na sasa naona aibu kwa ajili yangu. Ya pili ni kubwa.

Fanya na barua hii utakavyo.

Velonandro


Ampasimavo, 23 Oktoba 2006

Velonandro,

Barua nilimpa Mwalimu Jaofeno, akaisoma kikaoni yote, neno kwa neno, pamoja na kisu na damu. Ulisema nifanye nitakavyo.

Kaleta peke yake ndiye aliyesema, "Kumbe mguu wangu umevunjwa na shati jeupe." Hakuna aliyecheka sana.

Mimi nililia. Sikulia kwa sababu ya nyumba. Nililia uliposema simjui. Nimekubeba mgongoni mpaka umekuwa na miaka mitano, kwa vile mama aliogopa kukuweka chini. Mkana kwao ni mtumwa, ndugu yangu, na ninyi huko melini mnavaa vizuri sana.

Nilidhani ukweli ukishasomwa, mambo yamekwisha na mimi nitarudi kupika. Mzee Botovao akasema sivyo. Alizungumza polepole kama kawaida yake, nami nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Mwiko ni neno alilolisema mtu wa mahali juu ya mahali pake. Hatuulizi kama alilisema kwa hekima au kwa aibu. Babu zetu wangapi walisema kwa hasira tu, na sisi mpaka leo hatuli mkunga? Huyu ni mtoto wa hapa, amesema hapa ni mwiko. Basi ni mwiko. Lakini mwiko humfunga aliyeusema na tumbo lililomzaa. Sisi wengine tupite."

Tumbo lililokuzaa limebakiza watu wawili, wewe na mimi.

Kwa hiyo mitumbwi imerudi. Wanawake wamerudisha mikeka. Ufuo umejaa watu kuliko zamani. Anayekatazwa kuukanyaga ni mimi. Nimehamia kwa Neny Vavy, juu mlimani, nalala jikoni kwake karibu na kuku. Wanangu wako kwa baba yao. Kutoka hapa naliona paa langu.

Nyumba haibomolewi. Inangoja. Mzee anasema mwiko huondolewa na aliyeuweka, kwa kinywa kilekile. Uje, na kwa kuwa mchangani huruhusiwi, usimame majini. Useme jina lako la kuzaliwa, useme mama yako nani, useme mimi ni nani kwako, useme neno la mwiko lilikuwa lako na unalichukua. Yeye atawaita wazee waliolala, atamwaga mvinyo wa miwa kwenye mchanga, kisha utatoka majini na mimi nitashuka mlimani. Akasema pia, nyumba isiyokaliwa haimalizi masika mawili.

Zafisoa


Ushuaia, 2 Desemba 2006

Dada yangu,

Nimechaguliwa. Niko mwisho wa dunia upande wa kusini, na kesho tunakwenda mbele zaidi.

Lakini kabla ya kuchaguliwa nilimwambia Ingunn kila kitu, jina, papa na wewe. Nilikuwa nimeshafunga begi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema babu yake mzaa mama alikuwa akiitwa Kichwa cha Samaki na kijiji kizima, na kwamba hii ndiyo hadithi nzuri kuliko zote alizosikia msimu huu. Karatasi zitachapwa upya, si kitu. Akaniuliza kama chai yangu ina sukari.

Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiogopa kitu ambacho hakikuwepo, na kwa ajili yake wewe unalala na kuku.

Agosti tutarudi huko. Ingunn amepanga tushuke Ampasimavo, boti zote sita. Nitasimama majini na kusema yote. Mwambie Mzee Botovao aandae chupa.

Huku ndege hawaogopi watu. Wanakuja mpaka miguuni, wanatazama viatu, wanakwenda zao.

Mdogo wako,
Velonandro


Ampasimavo, 19 Agosti 2007

Ndugu yangu Velonandro,

Nimempa Nahodha Tsimiavo barua hii aiwahi meli yenu kabla haijaondoka Maroantsetra. Naona jana uliondoka ukidhani yamekwisha.

Nilikuwa juu, kwenye jiwe la Neny Vavy, nimevaa nguo ya sherehe. Mkeka wangu nilikuwa nimeukunja, sufuria nimezifunga, na nguo zangu nimezitia kapuni. Niliona ulivyoruka kutoka kwenye boti ukasimama, maji yakiwa kiunoni, na shati lako jeupe likalowa. Mzee Botovao alikuwa mchangani na chupa, kizibo kimeshatolewa. Hakukuwa na upepo. Nilikusikia.

Ulisema vizuri. Ulisema wewe ni Tainomby, mtoto wa Soavelo, na kwamba Zafisoa ni dada yako wa tumbo moja aliyekubeba, na ulimkana. Sauti ilikukatika uliposema nilikubeba. Nilishaanza kushuka. Nilikuwa nimefika kwenye ule mkarafuu wa katikati ya njia.

Kisha yule mrefu akakuita kutoka botini, nawe ukageuka, ukawaambia wale wageni kwa Kifaransa. Mwalimu anasema uliyarudia maneno yaleyale, hukuongeza chumvi. Nakuamini. Walikuwa wameinua kamera zao, boti sita, watu tisini. Ulipomaliza wakapiga makofi. Mmoja alipiga mluzi.

Ulimwona Mzee akigeuka ukadhani anamwaga mvinyo mchangani. Hapana. Alirudisha kizibo akaenda nyumbani. Wewe ulikuwa umeshageuka kumshikia mkono mama mmoja ashuke asianguke.

Wageni walishuka, na kofia zote zimeisha, hata zile mbovu za Neny Vavy. Walikuwa watu wema. Walinipungia mkono kule juu na mimi nikawapungia.

Jioni wazee walikaa. Nilimuuliza Mzee kwa nini, kama maneno yalikuwa sawa na mahali palikuwa sawa. Akasema, "Mwanangu, mtu akiomba radhi, watu hunyamaza. Hawa walipiga makofi. Sasa nikiwaita waliolala, wakiniuliza alikuwa anaomba au alikuwa anacheza, nitawajibu nini?" Akasema hana hasira na wewe. Chupa ameiweka juu ya mlango wake, na kizibo amekikaza kwa nta ili harufu isitoke.

Nami sina hasira, au ninayo kidogo, ya dada. Nilikukasirikia sana mwaka jana. Jana nilipokusikia nilikupenda, na nilipowasikia wao nilichoka.

Paa la upande wa kusini limeanza kuingia maji. Masika ya kwanza yamepita na ya pili yanakuja.

Njoo peke yako. Njoo bila meli, bila boti, bila mtu wa kukutazama. Njia ya miguu kutoka Maroantsetra unaijua, siku mbili tu. Mkeka wangu nimeukunjua tena jikoni kwa Neny Vavy, lakini mtoto wa mama yangu, nimechoka kulala kwa watu.

Dada yako,
Zafisoa